Kijiti cha Shitanda

Mimi ni mtu wa rula. Nalisema hilo mapema ili msinishangae baadaye. Kuchora nilifundishwa shule ya ufundi ya Sigalagala, na mwalimu wetu alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya mgongo wako na kuuliza, "Huu mstari umekunywa nini?" Nilitoka pale nikiamini kwamba kitu kisichonyooka bado hakijakamilika. Nyumba niliyokulia Lurambi ilikuwa ya mabati, yenye pembe nne, nami nilidhani hivyo ndivyo watu wote wenye akili wanavyokaa.

Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka 1965, bwana Barasa, mkuu wangu pale ofisini Kakamega, aliponiambia nipande vilima vya upande wa Nandi nikachore nyumba za nyasi, nilifikiri nimemkosea kitu.

"Wakubwa wanataka michoro ya nyumba za zamani kabla mabati hayajazimaliza," alisema. "Nyumba kumi. Vipimo kamili, kipimo kimoja cha mchoro kwa zote. Na karatasi ni hizi hizi za ofisi, Patroba. Usiniletee shuka."

Baiskeli niliiacha kwenye duka la mwisho, mahali barabara inapokata tamaa, nikapanda kwa miguu na begi la vifaa begani. Siku mbili za kwanza nilinung'unika peke yangu njia nzima. Tulikuwa tumepata Uhuru juzi tu, kila kijana wa rika langu alikuwa akitafuta kiti na meza, na mimi nilikuwa nikipima vibanda vya mbuzi.

Lakini vile vijiji vilinibadilisha polepole, na sikuona vikifanya hivyo. Katika kijiji kimoja nilionyeshwa tuta refu la udongo lililomea nyasi, likizunguka migomba. Niliambiwa huo ndio ulikuwa ukuta wa kijiji kizima zamani za vita vya ng'ombe, na kwamba lango lake lilikuwa fupi makusudi, ili mgeni aingie ameinama, kichwa kikitangulia, na wenyeji wapate nafasi ya kukitazama kichwa hicho kabla hawajaamua. Katika kijiji kingine nilimkuta mama aitwaye Navalayo akipaka ukuta wake mistari ya udongo mweusi na mweupe kwa vidole vitatu. Alipokwenda kuchota maji niliweka rula yangu ukutani. Mstari ulikuwa umenyooka. Nikapima tena, nikidhani labda rula ndiyo iliyopinda.

Nilianza kuzipenda zile nyumba, ingawa Barasa sikumwambia. Nilipenda ubaridi wake mchana, na harufu ya moshi iliyokaa ndani ya nyasi, na jinsi sakafu iliyopakwa samadi ilivyokuwa laini chini ya unyayo. Leo ukipanda kule huoni hata moja. Wajukuu wangu nikiwasimulia hutazamana, nami najua wanafikiri natunga.

Nyumba ya nane ilikuwa Mukhungula, mwisho kabisa wa mgongo wa kilima. Ukisimama uani kwake ungeona mabati ya Kakamega yaking'aa mbali kule chini. Ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko zote nilizopima. Mwanamke wa makamo alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Nilimwamkia vizuri, nikauliza kama anavyouliza mgeni yeyote mwenye adabu.

"Mwenye boma yuko?"

"Yuko," alisema. "Keti ungoje."

Nikaketi juu ya jiwe. Nikangoja. Jua lilisogea, maharagwe yakaisha, akaleta mengine. Kuku walinizoea. Nilichungulia mlangoni mara mbili tatu, nikakohoa kikohozi cha kiungwana. Hakutoka mtu.

"Amelala, mama?"

"Hapana."

"Atatoka saa ngapi?"

"Hiyo mimi sijui," alisema, akanyanyua kidevu kuelekea paa. "Lakini yuko. Si unaona?"

Nikatazama. Kwenye kilele cha paa kilisimama kijiti, kirefu kama mkono, cheusi kwa moshi na mvua.

Kwa ajili ya ninyi mliozaliwa chini ya mabati kama mimi, nieleze. Kijiti hicho kwetu huitwa shisuli. Mwanamume akimaliza kujenga nyumba yake hupanda mwenyewe na kukichomeka juu kabisa, na kuanzia hapo kila apitaye njiani anajua boma lina mwenyewe. Nyasi zikichakaa, yeye ndiye hukitoa na kukirudisha. Siku mtu mwingine akikitoa, basi mwenye nyumba amekufa, na msiba umeanza. Haya nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni, lakini kwa namna unavyosikia habari za watu wengine.

Mama huyo aliitwa Kageha, mtu wa Maragoli aliyeolewa Isukha. Mumewe alikuwa Shitanda. Nilipoanza kulipima paa lake ndipo nilipoona ajabu yake. Chini na katikati nyasi zilikuwa nene, tabaka juu ya tabaka, za juzi zimelala juu ya za zamani. Lakini juu, kukizunguka kile kijiti, palikuwa na nyasi chache kuukuu zilizooza zikawa kama udongo. Lile paa lilikuwa kama mtu aliyevaa makoti matatu na kofia moja mbovu.

"Mbona hawakuezeka hadi juu?" niliuliza.

"Wanafikanga hapo wanasimama," alisema Kageha. "Nawaambia wasimame. Shitanda alisema huko juu ni kwake. Alijenga hii nyumba, tukakaa ndani mwaka moja, wakamchukua vita ya Wazungu. Asubuhi akienda aliniambia, Kageha, chini unaweza tafuta mtu akuezekee, lakini juu usiguse, nitakuja kubadilisha mimi. Hiyo ilikuwa elfu moja mia tisa arobaini na mbili."

"Na hakuandika?"

"Aliandika barua moja, ya kutoka Burma. Alisema huko kuna mvua kushinda ya hapa. Ya pili haikukuja. Selikali haikusema amekufa. Haikusema yuko. Ilinyamaza tu. Sasa mimi nitasema nini kushinda selikali?"

Niliingia ndani kupima nguzo ya kati. Kutoka kileleni hadi sakafuni ilikuwa na mchirizi mweusi wa maji. Niliigusa kwa kidole gumba na kidole kikaingia.

Mchana huo alikuja Lazarus, ndugu mdogo wa Shitanda, mwenye mkono wa useremala na sauti ya mtu aliyechoka kurudia jambo moja. Aliniona na futikamba yangu, akadhani nimetumwa kuja kulibomoa boma, na alionekana karibu kufurahi.

"Mulamwa," alimwambia Kageha, kwani ndivyo mashemeji wanavyoitana kwetu, "hii nyumba itakuangukia."

"Iniangukie."

Lazarus akanivuta kando, karibu na ghala la mtama. "Andika kila kitu, bwana, lakini ujue na hii. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja. Unafikiri ninataka Shitanda awe amekufa? Mvua ya Machi ikikuja hiyo nguzo haimalizi mwezi. Nimekata mbao za nyumba ingine, ziko kwangu zinaliwa na mchwa. Siwezi kumjengea. Shisuli ikiwa juu, mwenyewe ndiye anajenganga. Na kuitoa siwezi bila neno lake."

"Na neno hatoi."

"Miaka ishirini na tatu," alisema Lazarus, akaenda zake.

Nilikaa pale siku mbili. Kageha alinipikia obusuma, ugali wetu, na mboga za kunde, na siku ya pili akachinja ingokho, kuku wa heshima, nikajua nimepandishwa cheo. Aliitazama kazi yangu kwa makini kuliko mkaguzi yeyote. Ufa wa mlango, je? Nitauchora. Jiwe ambalo Shitanda alipenda kuketi, lile nililolikalia mimi siku ya kwanza? Nalo pia.

"Basi utaandika yote vile iko," alisema nilipokuwa nafunga begi.

"Yote, mama."

"Ikianguka, itabakia kwa selikali vile alikuwa ameiacha." Alilisema hilo polepole, na nikaona alikuwa amelifikiria tangu jana. "Hapo hata mvua haitaingia. Ukimaliza, uniletee kwanza nione."

Nikaahidi. Ni rahisi sana kuahidi ukiwa umeshiba kuku.

Ofisini nilichora nyumba ya Kageha kwa siku nne. Nawaambia bila kujisifu kwamba sijawahi kuchora kitu kizuri namna ile, kabla wala baada. Nilichora kila tabaka la nyasi. Nilitia wino ufa wa mlango kwa kalamu nyembamba kuliko unywele, na jiwe nililichora na kivuli chake. Nilianzia chini, nikapanda na kuta, nikapanda na paa, na siku ya nne alasiri nikafika kileleni, na kilele kikagusa ukingo wa karatasi.

Shitanda alikuwa amejenga nyumba ndefu, nami nilikuwa nimeiweka juu mno kwenye karatasi. Kijiti hakikuwa na mahali.

Nilikaa nikiutazama ule ukingo. Kuanza upya kulikuwa siku nne nyingine, na Barasa alikuwa amekwisha kuuliza mara mbili. Nikajiambia kwamba hiki ni kijiti tu, kwamba wakubwa wanataka nyumba na nyumba hii hapa, kwamba karatasi si paa. Msidhani sikujua. Nilijua vizuri kabisa, na sikutaka kuharibu wino wangu. Barasa akaitazama, akapiga mluzi, akaigonga mhuri, na mimi nikatembea hadi nyumbani kifua mbele.

Jumamosi niliazima mchoro ule kwa ruhusa yake, nikaupeleka Mukhungula ndani ya bomba la bati ili usikunjike. Kageha alinawa mikono kwanza. Akaifuta kwa leso mpaka ikakauka kabisa, akaketi, nikamtandazia magotini.

Hakusoma shule hata siku moja, lakini nyumba yake aliisoma yote. Kidole chake kilianza mlangoni. Kikaupata ufa, akacheka kwa pumzi. Kikalipata jiwe, na hapo kilikaa kidogo. Kisha kikapanda ukuta, kikapanda nyasi, tabaka kwa tabaka, taratibu, kikafika juu, kikatoka nje ya karatasi kikabaki hewani.

"Na hapa?" aliuliza.

"Karatasi iliisha, mama."

"Iliisha."

"Ilikuwa fupi. Kipimo ni kimoja kwa nyumba zote, sasa hii ya kwenu ilikuwa—"

"Hii chapa nyekundu ni ya selikali?"

"Ndiyo, mama."

Aliutazama mhuri. Hakupandisha sauti, na ningetamani angepandisha.

"Watu wamepandanga hiyo paa miaka ishirini na tatu. Waezekaji, Lazarus, watoto wa Lazarus. Hakuna moja alithubutu. Wewe umeitoa ukiwa umekaa kwa kiti."

Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kama unavyorudisha sahani ya mtu. Akaingia ndani na kufunga mlango, ule wenye ufa. Nilisimama uani muda mrefu, na nilijisikia mchafu. Mara ya kwanza katika maisha yangu niliutazama mstari wangu ulionyooka nikauona wa kijinga.

Nilichora upya. Sikuambiwa na mtu, na sikufanyia ofisini. Nilitumia Jumamosi na Jumapili za wiki tatu, kwenye meza ya kulia chakula ya mama yangu pale Lurambi. Sikubadilisha kipimo. Nyumba nilichora vile vile, kisha nikachukua kipande kingine cha karatasi nikakiunganisha juu kwa gundi ya uji wa ngano, na kwenye kipande hicho nikachora kijiti. Kijiti peke yake kilinichukua nusu siku. Nilikichora kilivyo, na ule mpindo mdogo kilionao kuelekea kulia. Karatasi ile ya pili haikuwa nyeupe sawa na ya kwanza, na kiungo kilionekana, lakini sikujali tena.

Mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kunyesha nilipopanda. Njia iliteleza, na bomba langu la bati nilikuwa nimelikumbatia kama mtoto. Nilipofika pale unapoweza kuiona nyumba ya Kageha kwa mbali, niliinua macho. Paa lilikuwa pale. Juu hapakuwa na kitu.

Nilipanda kile kilima kilichobaki mbio. Uani nilimkuta Lazarus akichimba mashimo ya nguzo kando ya nyumba, mbao zake zimelala tayari, nami sikumwamkia.

"Ulingoja nigeuke," nilimwambia. Nilimwambia mtu aliyenizidi miaka ishirini.

Lazarus aliegemea jembe. Macho yake yalikuwa mekundu. "Muulize mwenyewe," alisema.

Kageha alikuwa ameketi mlangoni, mahali pake. Alikuwa amenyoa kichwa. Bila nywele alionekana mdogo, na uso wake ulikuwa umevimba, lakini ulikuwa umelegea, kama mzigo ukiwa umetuliwa chini na mtu bado anajinyoosha shingo.

"Keti," alisema. "Wewe si mbaya. Wewe ni kijana tu."

Nikaketi juu ya jiwe, kisha nikakumbuka ni jiwe la nani, nikainuka. Akaniashiria nikae.

"Ile siku nilifunga mlango nikangoja nikasirike," alisema. "Hasira haikukuja. Nikasema, Kageha, imetolewa, na mbingu haijaanguka. Nikalala nayo siku tatu. Ya nne nikamwita Lazarus nikamwambia, panda. Yeye mwenye alikuwa ananisumbua kila mwaka, akaniomba niseme mara ya pili. Alipanda, akaishika, akalia huko juu mpaka wakamshikia ngazi." Alitazama mikono yake. "Halafu mimi nikalia. Siku nne. Majirani walikuja mpaka wa kutoka ng'ambo ya mto. Unajua, mwanangu, mimi sikuwa nimelia. Ishirini na tatu miaka, hata siku moja. Ningelia namna gani mtu mwenye shisuli yake iko juu? Ningekuwa namuua."

Nililia na mimi, na sioni haya kulisema, nikimlilia mtu ambaye sikuwahi hata kumwona.

Baadaye nilikumbuka bomba la bati. Nilitaka kurudi nalo vile vile, lakini aliliona, akanyoosha mkono. Nikautoa mchoro mpya, nikamtandazia. Kidole kikapanda njia ile ile, mlango, ufa, jiwe, ukuta, nyasi. Kikafika kwenye kiungo, kikakivuka, kikakipata kijiti. Akakifuata chote mpaka nchani, pamoja na mpindo wake.

"Ulikuwa unaileta hii nisikasirike," alisema.

"Ndiyo, mama. Ya kwanza nitaichana. Nitamwambia mkuu wangu."

"Usichane." Aliuviringisha mchoro mpya taratibu, akaupakata. "Ile ya kwanza ndiyo ya kweli sasa. Iache kwa selikali. Hii ni yangu."

Kwa hiyo mpaka leo, kama mchwa hawajafika, kuna nyumba ndefu ya Mukhungula ndani ya kabati fulani Kakamega, nyumba ya marehemu, imechorwa kwa usahihi na mtu aliyefanya makosa. Nyumba yenyewe ilianguka Aprili hiyo, mchana, Kageha akiwa shambani. Lazarus alimwezekea nyingine kwa mabati, pembe nne, mistari imenyooka. Niliipima kwa macho na sikuona kosa lolote, na sikuipenda.

Nilimtembelea tena mwaka 1971, nikiwa nimeoa, na mke wangu Roda akiwa nyuma yangu amebeba sukari na majani ya chai. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, ndani hatukusikilizana vizuri. Ukutani, ndani ya fremu aliyoitengeneza Lazarus, ulining'inia mchoro wangu. Moshi ulikuwa umeanza kuufanya rangi ya chai, na kile kipande cha juu kilikuwa kimebadilika zaidi ya sehemu nyingine, hata jicho lilikimbilia hapo kwanza. Roda hakujua habari yoyote. Alikuwa mgeni mwenye adabu, akauliza kama anavyouliza kila mgeni mwenye adabu.

"Mwenye boma yuko, mama?"

Nilimkanyaga mguu, lakini nilichelewa. Kageha aliinua kichwa chake cha mvi, akautazama ukuta, kisha akanitazama mimi, na nikaona anajizuia kucheka.

"Yuko," alisema. "Keti ungoje."

Tukaketi.